Waliopanda Safina

Shoga yangu Mwanakhamis, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Alum Rock huku ughaibuni, ni mdadisi wa kupindukia. Ukimpelekea suruali aifupishe, atataka kujua unakwenda harusi ya nani. Basi Denise, kiongozi wa kikundi cha maigizo cha Digbeth, alipomwagiza kanzu nyeupe za watakaookoka katika safina ya Nuhu, maswali yakamtoka mfululizo.

Denise akaeleza kwa raha. Miaka mia sita nyuma, Kanisa lilisoma Biblia kwa Kilatini na raia wengi hawakujua kusoma. Mafundi wa miji wakaigiza Biblia barabarani juu ya mikokoteni: waunda mashua wakapewa safina, waoka mikate wakapewa karamu ya mwisho ya Yesu. Watu wakajifunza dini kwa macho, huku wakicheka.

"Na washonaji?" Mwanakhamis akauliza. Kumwigiza Nabii, jambo lisilofaa kwetu Waislamu, kulimtia wasiwasi, lakini akajituliza: "Mimi nashona kitambaa, kumwigiza Nabii simo."

Siku ya mazoezi tukapeleka kanzu sita. Denise akahesabu mara mbili. "Mbona sita? Wanaookoka ni wanane. Ya mke wa Nuhu iko wapi? Na ya kijana mdogo?"

"Si wamezama!" Mwanakhamis akamaka.

Sisi ndivyo tulivyofunzwa chuoni Unguja, tulikosomeshwa Kurani. Mke hakuamini, na mwana mmoja alikataa kupanda, wimbi likamchukua. Kwa nini Mwanakhamis alimnyima kanzu kitinda mimba wa Nuhu na si mwana mwingine, sikuthubutu kuuliza. Kitinda mimba wake mwenyewe, Yasir, aliacha kuswali, wakagombana, akahamia mtaa wa Northfield. Mama yake akasema, "Si wangu tena," na mwaka mzima hajampigia simu. Nami nilikuwa nikiogopa kwamba kijana atapotea moja kwa moja.

Tukakaa kutazama. Mke wa Nuhu hataki kupanda, ameng'ang'ania mashoga zake. Nuhu anamwita, anamwita, mwisho wanawe wanambeba mzegamzega. Watu wakacheka, mimi pia. Mwanakhamis hakucheka.

Ndani ya basi akaniambia, "Hadithi yao siiamini. Lakini yetu naijua. Nuhu alimwita mwanawe mpaka wimbi likaingia kati yao. Mimi nimemwita wangu mara ngapi?"

Akatoa simu mkobani, akapiga. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Tuliposhuka Alum Rock alikuwa bado anapiga.