Salamu za Deo Kutoka Kambini

Siku yangu ya kwanza kazini ughaibuni, pale Arlington, msimamizi wa zamu alinivisha hedifoni akasema, "Wewe tafsiri tu. Kuamini au kutoamini ni kazi ya watu wa ghorofa ya juu." Mimi mtu wa Tanga, ukiniambia nisishuku ndipo nashuku.

Tuliitwa wasikilizaji. Kanda za redio zililetwa kutoka Afrika, nasi tukaandika kwa Kiingereza kila kilichosemwa, hata kikohozi cha mtangazaji. Dada Espe alikaa kando yangu. Mdogo wake, Deo, alikuwa askari kwao, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepamba moto.

Mwishoni mwa miaka ya tisini kombora likaipiga kambi ya Deo. Waasi walidai wamewamaliza askari. Redio ya serikali ikasema kombora limeangukia kichakani, hakuna aliyekufa. Simu za huko hazikupita. Espe akawa hali, hanywi.

Kisha ikaja kanda ya kipindi cha salamu cha redio ya serikali. Askari mmoja mmoja alijitaja. "Mimi Deo, niko salama kambini. Namsalimia mama yangu mzazi." Espe akashika mdomo.

Msimamizi akafurahi. "Basi wako hai. Sauti zao ndizo ushahidi."

Mimi roho yangu ilikataa. Serikali iliyobanwa na vita, leo imepata wapi nafasi ya kuwapelekea askari kipaza sauti?

Jioni tukisubiri treni nilimuuliza, "Dada, ni yeye kweli?"

"Sauti njo ya Deo, Mzee," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako "njo" ni "ndiyo". "Lakini anasalimia mama. Mama alishazikwa. Deo njo alibeba sanduku."

Kanda ilikuwa ya zamani, imetolewa kabatini kutufumba macho; wangekuwa hai wangerekodiwa upya. Kesho yake tuliandika hivyo chini ya tafsiri. Msimamizi akaufuta mstari wetu. "Maoni hayo," akasema.

Nimestaafu sasa, hapa Silver Spring. Wajukuu wakinionyesha habari kwenye simu nauliza kwanza imerekodiwa lini, wananicheka. Wacheke tu. Mimi nakumbuka Jumamosi ile Espe alipoweka matanga, maiti haipo, barua ya jeshi haipo. Mama mmoja wa kanisani kwao akamuuliza nani aliyemletea habari.

"Deo mwenyewe," akajibu. "Nilimusikia kwa redio."