Nilimhamisha Kadzo tundu la nne kwenda la tano: mwanga tele, intaneti hakuna

Wakuu, salaam kwenu. Hili sikusimuliwa. Nililifanya kwa mikono yangu na aibu yake bado ninayo.

Mimi ni fundi wa faiba, nazunguka Kilifi na Malindi. Mwezi uliopita niliitwa Tezo kwa Mama Kadzo, intaneti inakatikakatika. Binti yake, Kadzo, alikuwa na mahojiano ya ufadhili wa chuo kwa video, saa tano kamili. Mtandao wa simu pale bondeni hushika ukipenda, kwa hiyo tegemeo lilikuwa mimi.

Nikafungua kisanduku kwenye nguzo. Tundu la nne, lao, nyigu wamelijengea udongo.

Sasa sisi mafundi tuna tabia. Tundu likichafuka, badala ya kuhangaika kusafisha, unahamishia la jirani lililo wazi. Kwenye splita za kawaida, yaani vile vigawa mwanga, matundu yote hutoa mwanga uleule.

Nikahamishia la tano. Nikapima, mwanga tele!

Modemu ikawaka nyekundu.

Nikabadilisha waya, nikafuta ncha, nikazima, nikawasha. Nyekundu. Saa nne na nusu hiyo.

"Mwanangu, si ulisema ni kazi ya dakika tano?" Mama Kadzo akaniuliza.

Nikamweleza kwamba nimewahamishia tundu la tano na mwanga upo.

Kadzo akatoka na gauni lake la mahojiano, akaigeuza modemu. "Kaka, hapa pameandikwa nne, nawe umechomeka tano. Hizi namba hazina maana?"

Nikamjibu kwa kiburi kwamba ni za kuhesabia tu. Hakuridhika.

Ndipo nikarudi kwenye nguzo, nikasoma maandishi ya kisanduku. Wakuu, haikuwa splita! Ni kile kifaa kinachochambua mwanga kwa rangi, kila tundu na rangi yake. Modemu yao inapokea rangi ya nne pekee. Meta yangu nayo hupima wingi wa mwanga, rangi haijui.

(Rangi zenyewe hazionekani kwa macho. Msije mkachungulia, mtaharibu macho bure.)

Nikalisafisha la nne, nikarudisha waya. Kijani! Zimebaki dakika tatu.

Nikiwa barazani nakusanya vifaa, nikasikia dirishani Kadzo anaulizwa aeleze tatizo alilowahi kulitatua.

Kadzo akacheka kidogo. "Lipo la leo. Kuna fundi, bado yuko hapa nje..."

Ufadhili amepata. Mimi siku hizi nasoma namba kwanza, na mteja akiniuliza swali namsikiliza.

Haya, mafundi wenzangu, nanyi semeni: kifaa gani kiliwahi kuwaumbua mbele ya mteja?