Kumi na mbili ya Baba

Jumamosi. Marafiki zangu,

leo nimejua Baba alinidanganya.

Alikuwa askari wa lango la kiwanda, mtaa wa Baba Dogo. Nikiwa mdogo alinipa ganda tupu la risasi ya bunduki ya marisau, limeandikwa 12 kitakoni.

"Wameandika tarehe yako ya kuzaliwa," akasema.

Nikaamini. Tangu tumzike natembea nalo.

Leo mlinzi wa supamaketi, mtaani Fedha, amelikuta mkobani akinikagua mlangoni. Nikamweleza.

"Pole, madam. Hiyo 12 ni geji, kipimo cha upana wa mtutu. Ya ishirini ndiyo nyembamba."

"Kwa hivyo ziko nyingi za 12?"

"Ndizo zimejaa."

Nimecheka pale mlangoni, machozi yakitoka.

Kumbe tarehe yangu iko kwenye maganda ya watu wengi hivyo.

Mkiona kumi na mbili popote, mkumbukeni Baba.