Kengele ya Karakana Yetu

Sitaki kusikia neno ajali. Mtu akiniambia "pole kwa ajali ya dada yako" namkatiza hapohapo, hata kama ni mkubwa wangu, hata kama amekuja na matunda ya mgonjwa. Ajali ni kitu kinachokuja bila kuitwa. Hiki sisi tulikiita, tukakiwekea mahali pake mezani, tukatoka nje kukisubiri. Na aliyekifunga ni mimi, kwa mikono yangu hii. Kwa hiyo nikisimulia habari za dada yangu, msitegemee maneno matamu.

Dada yangu ni seremala. Si mke wa seremala wala mpaka vanishi. Ni seremala, na nalirudia kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili watu wameingia karakana, wakampita yeye aliyeshika randa, wakamuuliza mwanamume yeyote aliyesimama karibu, "Fundi yuko wapi?" Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, kufagia maranda. Alifagia huku macho yako kwenye mikono ya mafundi. Mwaka wa pili akaomba ajaribu randa. Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakampa ubao mbovu uliojaa mafundo ili wapate burudani. Aliuranda ukanyooka, na kicheko kikawakauka.

Droo zake hazikwami hata msimu wa mvua. Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenichukua, na mdomo wangu uliponifukuzisha kazi ya tatu, ndiye aliyenishika sikio, mtu mzima na ndevu zangu, akanipeleka karakana. "Huyu ni mdogo wangu," aliwaambia. "Akiharibu kitu, niiteni mimi." Kila ninachojua kuhusu mbao amenifundisha yeye, kwa makelele na kwa rula ya vidoleni. Ana hasira kuliko mimi. Tumetoka tumbo moja, hatuwezi kujificha.

Kila asubuhi kabla ya kazi aliukunjua waya wake wa ekstensheni wote, mpaka mwisho, plagi ikiwa haijachomekwa, akaupitisha taratibu kiganjani akitafuta mahali palipochubuka. Sisi wengine waya wetu tuliuacha umejiviringisha kwenye gurudumu lake, maana kuukunja tena jioni ni usumbufu. Kulikuwa na fundi mmoja mnene ambaye kazi yake ilikuwa kulainisha mbao, tukimwita Msasa. Waya wake siku moja ulipata moto ukiwa umeviringishwa hivyo mpaka plastiki ikaanza kunuka.

"Waya ukiuviringisha na mashine inavuta umeme, joto litatokea wapi?" dada alimuuliza. "Unataka kutuchoma na unga wote huu wa mbao?"

"Nimekusikia, mwalimu," Msasa akajibu, akatukonyeza. Kesho yake waya ulikuwa umeviringishwa vilevile.

Halafu plagi. Kabla hajabadilisha meno ya msumeno, hata kama ni kufuta vumbi tu, dada aliitoa plagi ukutani na kuiweka mahali anapoiona. Akikukuta umeinamia mashine yenye umeme alipiga kelele kutoka upande wa pili wa karakana: "Chomoa!" Basi tukampa jina, Bi Chomoa. Tulisema shemeji akikoroma sana usiku huchomolewa. Shemeji mwenyewe alicheka. Dada hakucheka, ila jina aliliitikia, na kelele hakupunguza.

Sasa nieleze hiyo kengele. Umeme wetu hukatika unavyotaka, mara tatu kwa siku ukipenda, dakika kumi au saa nne. Ndani ya karakana bati liko chini na joto ni kali, kwa hiyo umeme ukikatika tulitoka kwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma. Taabu ilikuwa kujua umerudi saa ngapi, maana taa za ndani hazionekani kutoka kule. Ndipo mimi, bwana mwenye akili nyingi, nikapata wazo.

Msumeno wangu wa umeme, ule wa duara wa kushika mkononi, una kitufe: ukikibana unazunguka, ukikiachia unasimama. Nilikuwa nachoka kidole, nikakifunga kitufe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ukawa unazunguka wenyewe. Kifuniko kinachoshuka kuficha meno nacho kilikuwa kinanikwaza, nikakivuta juu nikakifunga kwa waya mwembamba. Basi umeme ukikatika niliuacha hivyohivyo juu ya meza, kabari mbili huku na huku, plagi ukutani. Umeme ukirudi unanguruma, tunasikia, tunainuka kurudi kazini. Wenzangu wakanipongeza, na baadhi wakafunga mashine zao vilevile. Wakauita kengele. Niliona fahari, nasema kweli, fahari ya kijinga kabisa.

Dada alipoiona mara ya kwanza alichomoa plagi, akaikata ile tyubu kwa patasi, akanirushia vipande usoni. "Aliyetengeneza kitufe hiki alitaka kikiachwa kisimame," alisema. "Wewe umemzidi akili?" Alipogeuka nikafunga tyubu nyingine.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika, akachomoa tena kimyakimya, kisha akaenda kupima milango kwa mteja. Umeme ukarudi. Sisi tukakaa nje saa nzima tukipiga soga, tukingoja kengele isiyolia. Fremu sita hazikumalizika siku hiyo. Bosi akaja juu. Alituita sote, akamwelekea dada mbele yetu.

"Kuanzia leo kila mtu na plagi yake," alisema. "Mama, usiguse mashine ya mtu. Ukigusa tena, tafuta karakana nyingine."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kunyamaza palipofaa kunyamaza, siku hiyo ulikosa hata neno moja. Dada alinitazama, akanitazama, kisha akarudi kwenye meza yake.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Umeme ukakatika nikiwa katikati ya ubao. Nikautoa msumeno, nikauweka mezani na kabari zake, nikatoka. Kabari moja sikuikaza, kwa haraka ya kwenda kukaa tu! Dada alibaki ndani kwa sababu patasi haihitaji umeme, akawa anachonga tundu la kitasa kwenye mlango uliolazwa karibu na meza yangu. Alimsimulia shemeji baadaye kwamba aliutazama ule msumeno, akaitazama plagi, akayakumbuka maneno ya bosi. Ana watoto wawili shuleni. Akahamia upande mwingine wa mlango, akaendelea kuchonga.

Tukasikia msumeno unanguruma. Msasa akapiga makofi. "Umerudi huo! Inukeni, wavivu nyie!" Tukasimama tukijinyoosha na kucheka. Kisha sauti ikabadilika. Seremala yeyote anajua msumeno unavyolia ukizunguka bure na unavyolia ukikuta kitu. Sauti ilishuka kidogo, mara moja tu. Ndipo tukamsikia dada.

Msumeno ulikuwa umejitikisa ukatoka kwenye kabari, ukaanguka kutoka mezani upande wake. Mtu akiona kitu kinaanguka anakidaka. Mkono wa binadamu uko hivyo, haungoji ushauri. Aliudaka kwa mkono wa kushoto, palepale ambapo kifuniko kilipaswa kuwa kimeshuka. Vidole vitatu. Nilipoingia ulikuwa bado unazunguka chini, unajisukuma kwenye maranda, na wanaume saba wazima tumesimama mlangoni tunauogopa. Nilizunguka kwa ukutani nikachomoa plagi. Dada alikuwa amekaa sakafuni, mkono ameukumbatia ndani ya aproni, ananitazama mimi, si mkono.

Hospitalini maneno yakaanza kabla hata hajatoka chumba cha upasuaji. Msasa akatikisa kichwa pale kwenye benchi. "Ni bahati mbaya tu," alisema. "Lakini na yeye alikuwa anafanya nini karibu na mashine?"

Nilimkwida shati. Mzee mwenye wajukuu, nilimkwida mpaka kifungo kikaruka. "Alikuwa anafanya kazi!" nilimwambia. "Sisi ndio tuliokuwa tumekaa!"

Bosi akatuachanisha, akanivuta pembeni. Alisema nikiulizwa niseme swichi iliharibika yenyewe, mashine ni ya zamani, kila mtu ataelewa.

"Swichi ni nzima," nilimjibu. "Nimeifunga mimi kwa tyubu. Na wewe ndiye uliyemkataza kuchomoa. Hivyo ndivyo nitakavyosema." Nikasema hivyo kwa daktari, kwa shemeji, kwa aliyeuliza na asiyeuliza.

Kwa dada nilichelewa. Siku ya tatu ndiyo nilipata ujasiri wa kukaa kando ya kitanda chake nikamwambia tyubu ilikuwa yangu.

"Najua," alisema. "Nani mwingine anafunga fundo baya kama lile?" Akageukia ukuta. Hakusema nami neno tena kwa wiki nane. Nilikuwa napeleka chakula kwake, anapokea shemeji. Namsikia sebuleni anaongea na watoto, nikiingia ananyamaza.

Karakanani nilikata tyubu zote, kwenye kila mashine, na kufungua nyaya zote zilizozuia vifuniko. Walinung'unika. Niliwaambia anayetaka kufunga tena aje anifunge mimi kwanza. Umeme ukikatika sasa nazunguka plagi moja moja, na mtu akinicheka namwangalia tu, anaacha. Hasira yangu haijapata pa kwenda, inazunguka nami.

Wiki ya tisa bosi alimtumia ujumbe kwamba kazi ipo: akae mbele, apokee wateja, aandike wanachotaka. Watu wakasema ana moyo mzuri. Moyo mzuri! Kumweka mtu aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huu nyuma ya daftari, kwa kosa letu, halafu ashukuru! Jumatatu asubuhi dada aliingia, akapita mbele ya ile meza ya wateja bila kuitupia jicho, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake ya kazi.

Alikunjua waya wake kwa mkono wa kulia, akaukagua wote, ilimchukua muda mrefu na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alilaza ubao juu ya meza, akaubana upande mmoja kwa jiliwa, akachora mstari. Akachukua msumeno, akashusha na kupandisha kifuniko mara mbili kuona kama kinarudi. Kisha akauweka mkono wa kushoto juu ya ubao kuutuliza, kidole gumba na kile kidogo. Ubao ulicheza. Akaukandamiza zaidi, jasho likamtoka, ubao ukacheza tena.

Nilimsogelea.

"Dada, nisamehe," nilisema.

Hakuinua macho. "Sijakusamehe. Na usiniulize tena leo. Shika ubao."

Nikashika.

"Mkono mbali na mstari," alisema. "Mbali zaidi, wewe. Sitaki tufanane."

Nikausogeza mkono wangu, akakata.