Hadithi Niliyomwibia Nekesa

Nakumbuka Ijumaa moja ya kidato cha pili, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka nafsi yangu hunisuta. Ilikuwa Saboti, nje ya Kitale, mwanzo wa miaka ya tisini, mahindi yamekwisha kuvunwa na mtihani wa mwisho wa mwaka u karibu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akiturudisha kwenye mambo ya msingi, maana wengi bado tulichanganya nomino na vitenzi, na vivumishi ndivyo usiseme. Tulipomaliza hayo tukapitia hadithi fupi: mhusika ni nani, mandhari ni wapi, mgogoro ni upi. Kisha akatutuma nyumbani kila mtu akaandike yake, akisisitiza kwamba hadithi isiyo na shida ndani yake haisomeki.

Mimi shida sikuwa nayo. Baba alifuga ng'ombe wa maziwa, tulikula tukashiba. Shida niliyoijua ilikuwa ya Nekesa, rafiki yangu wa dawati moja, aliyehamia kwetu na mama yake kutoka Bungoma baada ya baba yake kufariki. Alikuwa ameniambia mimi peke yangu kwamba kila alfajiri wao wawili huingia mashamba makubwa kuokota mahindi yaliyosazwa na wavunaji, kisha yeye hubadilisha nguo nyuma ya ua wa shule na kuingia darasani na sare safi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Nikaiandika. Nikambadilisha jina, nikamwita Mary. Nyumbani mama alitukataza kutembeza maneno ya watu, lakini kwa ujinga wangu nilidhani jambo likisemwa kwa Kiingereza halihesabiki kuwa umbeya. Ona akili ya mtoto aliyefunzwa kusoma kabla ya kufunzwa kufikiri.

Jumatatu mwalimu alikusanya chache, akaipenda yangu mno, akaniita mbele niisome. Nilipofika pale pa nguo kubadilishwa nyuma ya ua, darasa zima liligeuka kumtazama Nekesa. Wengine walikuwa wamemwona pale asubuhi. Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Sikunyamaza. Nilisoma mpaka mwisho na nikapigiwa makofi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kesho yake wavulana walikuwa wamempa jina, Masazo. Alhamisi hakuja. Wiki iliyofuata nilipita kwao nikakuta chumba kimefungwa, na jirani akanieleza kwamba wamerudi Bungoma. Nyanya yangu alipopata habari alinikalisha jikoni, akanikumbusha kwamba hata Ruthu wa Biblia aliokota masuke na hakuna aliyemcheka. Aibu yote ya pale darasani, alisema, ilikuwa yangu. Akaniagiza niende nikaombe msamaha. Nikasema nitaenda likizo. Likizo ikaja, ikaisha.

Ilipita miaka saba kabla sijamkuta Nekesa sokoni Bungoma, anauza ndizi, mtoto mgongoni. Shule hakurudi tena. Nilianza kujitetea ati nilibadilisha jina, ati sikukusudia. Alinisikiliza akipanga ndizi zake, kisha akasema polepole:

"Si hata mimi nilikuwa nimeiandika, bana. Hiyo Jumatatu daftari ilikuwa kwa bagi yangu. Nilikuwa nimejipa moyo nisome mbele ya watu, wajue mama yangu ni mtu wa nguvu. Ukanitangulia. Sasa mimi ningesoma nini?"

Nikaacha kujitetea, nikamwomba msamaha. Alinisamehe, nami naamini alinisamehe kwa dhati, lakini msamaha haukumrudisha darasani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi sikia, mwanangu. Mwenzako akikupa siri hajakugawia mali; amekupa amana. Hata uwe na kalamu tamu namna gani, mwache mwenyewe aiseme siku atakapoona inafaa, kwa maneno yake. Na ukimkosea mtu, nenda leo, miguu ingali inajua njia. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea miaka mingi bila kukua.

Mwenyezi Mungu akupe kifua cha kutunza ya wenzako, akujalie na rafiki wa kukungoja umalize kusema ya kwako. Amina.