Cherehani Yangu, Redio ya Jirani na Jua

Sina hakika kama nakumbuka kwa haki, maana siku ile nilikuwa na hasira. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, nashona magauni ya harusi hapa ghorofani Crescent Town, huku ughaibuni, jirani wa mlango wa pili akanigongea. Ni mzee wa Kigoa kutoka Tanga, mstaafu, na Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Kila Jumamosi saa ile huongea kwa redio ya upepo na kaka yake aliyebaki Tanga. Waya wa redio ameufunga roshani. Kaka ana simu, lakini masikio yamechoka. Kwenye redio kaka huvaa vipokea sauti vya masikioni, akasikia kila neno.

"Mama, cherehani yako imemmeza kaka yangu," alisema.

Nikamjibu harusi ni kesho. Halafu nikaona aibu, nikazima. Nilimsikia ukutani akiita, akinyamaza, akiita tena. Hakujibiwa. Nikajisemea, umeona, si mimi. Nikaiwasha tena, nikaendelea kushona, na pedeli niliikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mchana alirudi na sambusa mbili. Alikuwa amesoma kwenye kompyuta kwamba jua lililipuka asubuhi ile. Akanieleza, kama nilimwelewa vizuri, kwamba mawimbi ya redio yake hupanda mpaka tabaka la juu angani, yakarudishwa chini mbali sana. Jua likilipuka, upande wa dunia wenye mchana mawimbi humezwa njiani. Hata marubani wa safari ndefu hukosa kusikilizana. Akaniomba radhi.

Hapo nilikwama. Ningeweza kupokea radhi na sambusa zake, yakaisha. Lakini nina redio ndogo jikoni, na tangu nibadilishe taa ya cherehani, nikiiwasha tu redio inanguruma. Nilijua, nikanyamaza. Nikamwambia ukimya wa leo ni wa jua, ila mingurumo ya Jumamosi zilizopita nadhani ni yangu.

Akaziweka sambusa mezani.

"Na mimi wiki zote hizi nadhani kaka anaishiwa sauti."

Sambusa nilizila baadaye, sijui kama nilistahili.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya saa nne, nilichomoa waya wa cherehani ukutani, maana swichi peke yake sikuiamini. Nikakaa napinda pindo kwa mkono. Aliita mara mbili. Mara nikamsikia anajitetea kwa sauti kubwa, kama mdogo anayegombezwa na mkubwa wake kwa kutoonekana wiki nzima.