Chonge Mbili za Binti Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na mtaani kwetu hapa Lushoto ninajulikana kwa mambo mawili: kushona sare zinazodumu na kutoa ushauri bila kuombwa. Mtoto wa mtu akikohoa, dawa ninayo. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba yaliyotokea siku ile hakuna aliyenifanyia. Niliyafanya mwenyewe, kwa mdomo huuhuu.

Nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno kwa sababu ya gego. Ana miaka kumi na miwili. Kwa siku tatu alikuwa anatafuna upande mmoja, na kwa siku tatu mimi nilikuwa namhubiria kuhusu miwa. Mahubiri hayo alishayakariri. Tangu meno yake ya ukubwani yaanze kuota, nilikuwa namwambia kwamba miwa ndiyo iliyomharibu, maana safu ya chini, upande wa kulia, chonge haikuota kabisa, na ya kushoto imeota ndogo, ya kahawia, imelala upande. Ndiyo sababu huwa anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kwenye kwaya ya watoto husimama nyuma ya warefu, ingawa sauti yake inawashinda wote. Nilikuwa namwonea huruma, lakini huruma yangu ilikuja na makaripio.

Daktari ni mdogo kwangu, ana vyumba viwili ghorofani, karibu na soko. Aliniamkia shikamoo, akamlaza mwanangu kwenye kiti, akaanza kuhesabu meno kwa sauti huku msaidizi wake akiandika. Alipofika chini alinyamaza, akarudia kuhesabu. Kisha akasema gego halina haja ya kung'olewa, linazibika. Angesafisha na mengine, angeyapaka dawa ya kuyakinga, na angependa kumwona mtoto kila baada ya miezi sita hata kama haumwi. Hilo la kwenda bila kuumwa lilinishangaza. Kwetu mtu huenda kwa daktari wa meno shavu likiwa limeshavimba.

Alimpiga sindano ya ganzi, akamwambia akakae kwenye benchi nje mpaka mdomo ufe ganzi. Halafu akafunga mlango.

"Mama, alipokuwa mchanga mlimtoa meno ya plastiki?"

Nikajibu kwa kujivuna, na ndicho kinachonichoma mpaka leo. Nilisema ndiyo, na isingekuwa hivyo asingekuwa hai. Alikuwa na miezi saba, anaharisha, ana homa, fizi zimevimba. Kila mtu alijua hayo ni meno ya plastiki, vile vitu vyeupe laini vinavyojificha ndani ya fizi na kumuua mtoto visipotolewa. Nilimpeleka kwa mgosi mmoja, mzee mtoa meno wa upande wa Vuga, akavichokoa viwili vya chini kwa spoki ya baiskeli aliyoinoa. Nilivishika mkononi. Baada ya siku tatu mtoto alikuwa anacheka.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua karatasi, akachora taya la mtoto mchanga.

"Hakuna meno ya plastiki, mama. Ulichokishika ni jino lake la utotoni. Lilikuwa laini na jeupe kwa sababu lilikuwa bado changa. Na chini yake kulikuwa na mbegu ya jino la ukubwani. Upande mmoja spoki iliing'oa, upande mwingine iliijeruhi."

"Mbona alipona?"

"Zahanati mlikwenda?"

Tulikwenda. Nesi alinipa pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji na vidonge vya zinki vya kuyeyusha, na nilimnywesha mtoto wiki hiyohiyo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote hiyo sifa nilimpa mzee na spoki yake, na lawama nikaipa miwa.

Nilimkumbuka mwanangu alivyokuwa analia siku ile, na mikono iliyokuwa imemshika kichwa asitikisike. Ilikuwa mikono yangu. Nina mikono yenye nguvu, kazi ya cherehani inaikomaza.

Kisha nikakumbuka la pili, na hilo ndilo lililoniinua kwenye kiti. Jioni iliyotangulia mdogo wangu, aliyeolewa Vuga, alinipigia simu. Mtoto wake wa miezi minane anaharisha, ana homa, anatafuna kila anachokishika. Alitaka kumpeleka hospitali. Nikamwambia, kwa sauti yangu ile ya kujua kila kitu, asipoteze muda, hospitali hawayajui mambo haya. "Mwite mgosi kesho asubuhi. Mwanangu si unamwona."

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Nilimwambia daktari lazima niondoke sasa hivi, nikamweleza kwa nini, naye akasema ganzi imeshashika na kuziba ni dakika ishirini tu. Nilikaa dakika hizo ishirini nikisikiliza mashine inavyolia mdomoni mwa mmoja huku nikiuwaza mdomo wa mwingine. Sijawahi kuchukia saa ya ukutani namna ile.

Tulipanda gari hadi Soni, tukachukua pikipiki kwenda Vuga. Binti yangu aliniuliza mara mbili kuna nini, kwa ulimi mzito wa ganzi. Nilimjibu tunakwenda kwa mama mdogo, basi.

Tulimkuta mzee amekaa kwenye kigoda uani, ameshanawa mikono, spoki iko kwenye bakuli la maji ya moto. Mtoto alikuwa mapajani kwa mama mkwe wa mdogo wangu, macho yamelegea. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti, mikono yake miwili kwenye kichwa cha mtoto.

"Mwache," nikasema. Hata shikamoo sikutoa, na kwetu hilo si dogo. Mama mkwe alinitazama kama mtu aliyeingia na matope ndani.

"Si wewe uliyesema aitwe?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo. Nilikosea."

Nikaeleza yote ya daktari, lakini nilieleza vibaya, nikihema, na yalisikika kama maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Mzee alinisikiliza kwa upole. Akasema mwaka ule nilimshukuru kwa kuku, na ananikumbuka vizuri. Mama mkwe akaongeza kwamba mwanangu alipona, amesimama pale, mzima, na mjukuu wake naye anataka apone. Ushahidi wao ulikuwa mwanangu, na mwanangu nilikuwa nimewapa mimi.

Ushahidi wangu ulikuwa huohuo. Lakini ulikuwa ndani ya mdomo ambao mwenyewe anauziba kila siku, na sikuthubutu kumwomba aufungue mbele za watu. Nilisema tu, bila kumtazama, "Nilimshika kichwa mimi. Chonge zake za chini hazikuota vizuri kwa sababu ya siku ile."

Binti yangu alikuwa nyuma yangu, kiganja mdomoni kama kawaida yake. Akapita mbele, akapiga magoti karibu na mama mdogo wake, akaondoa mkono. Kwa vidole viwili akavuta chini ule mdomo uliokufa ganzi, akawaonyesha mmoja mmoja. Kwanza bibi yule. Kisha mzee. Alikaa hivyo mpaka mdogo wangu alipoondoa mikono kwenye kichwa cha mwanawe, akamnyakua, akaniambia, "Dada, twende hospitali."

Mtoto alitundikiwa maji, akapewa vidonge vilevile vya kuyeyusha, akapona. Mzee aliondoka na spoki yake, na bado sijui aliamini au alichoka tu na kelele zangu.

Tulirudi Lushoto alasiri. Tulipokaribia nyumbani ganzi ilikuwa imeanza kumtoka. Akasema, "Kumbe si miwa."

"Si miwa," nikasema. Nilimwomba msamaha hapohapo barabarani, nikilia, watu wakipita. Alinisikiliza, akasema tuondoke njiani.

Daktari amesema akikua kidogo atamwekea meno ya bandia, na kila miezi sita tunakwenda kwake. Jumapili iliyofuata nilimnunulia muwa mrefu, mweusi, mtamu, wa kwanza kumnunulia maishani. Aliukata vipande viwili gotini. Akaking'ata kipande chake kwa meno ya upande huu, akaking'ata kwa ya upande ule, ganda likawa linateleza tu. Kisha akaninyooshea.

"Nimenyie, mama."

Nikakimenya kwa meno. Chonge zangu zipo zote nne.